Difragi imeisha lakini diski bado nzito: jinsi ya kutafuta kizuizi na kukiondoa

Maswali kuhusu difragi, yaani kazi ya kuunganisha vipande vya faili kwenye diski, ni yale yale kila mara. "Nimeacha difragi iendeshe usiku kucha, asubuhi ripoti inaonyesha asilimia ileile." "Imekwama kwenye asilimia 10 tangu saa tatu." "Imesema imemaliza, ila kompyuta haijabadilika hata kidogo." Wengi wakifika hapo hushusha programu nyingine ya difragi, halafu nyingine tena, na matokeo hayabadiliki. Hayabadiliki kwa sababu karibu programu zote za Windows za kazi hii hupitia njia moja ndani ya mfumo endeshi ili kuhamisha vipande vya faili. Njia hiyo ikizibwa, zimezibwa zote. Kwa hiyo kazi yako ni kujua kinachoziba: nafasi tupu ni finyu, kuna faili zisizohamishika, faili zimebanwa, diski inaharibika, au aina ya diski yenyewe haihitaji difragi.

Mwongozo huu ni wa Windows 10 na 11 zenye mfumo wa faili wa NTFS. Sehemu fupi ya Linux iko baada ya hatua. Fuata hatua kwa mpangilio ulivyo, maana kila moja huandaa inayofuata. Ndani ya amri, herufi D: inasimama mahali pa diski yako, basi ibadilishe inavyofaa.

Jambo moja la kuelewa kwanza

Katika diski yenye sahani zinazozunguka, faili iliyokatika vipande humlazimu msomaji, yaani kichwa cha kusomea, kuhama kila kipande kinapoisha. Kwa diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika, kuhama huko huchukua takriban milisekunde 9, na kungoja sahani ifike mahali pake huongeza wastani wa milisekunde 4.17. Tuseme milisekunde 13 kwa kipande. Faili yenye vipande 1,000 itakupotezea kama sekunde 13 za kusubiri tu, kabla hujahesabu muda wa kusoma.

Sasa geuza hesabu. Kipande cha MB 64 kikisomwa kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde huchukua sekunde 0.64. Milisekunde 13 juu ya hapo ni kama asilimia 2, hutaisikia. Ndiyo maana Windows haivihesabu kabisa vipande vinavyozidi MB 64 katika takwimu zake, na ndiyo maana ripoti ya asilimia 0 haina maana kwamba kila faili ni kipande kimoja. Usihangaike kutafuta ukamilifu huo. Tafuta faili zilizosagika vipande vidogovidogo.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Akaunti yenye mamlaka ya msimamizi. Amri zote hapa zinaendeshwa katika Command Prompt au PowerShell iliyofunguliwa kwa mamlaka hayo.
- Nakala rudufu ya data yako kwenye diski nyingine. NTFS huandika kumbukumbu ya mabadiliko yake na kuhamisha vipande ni salama katika hali ya kawaida, lakini diski inayokaribia kufa haijali hilo.
- Umeme wa uhakika. Laptopu ichomekwe kwenye chaji.
- Ikiwezekana, diski ya nje ya kuhamishia faili kubwa kwa muda.
- Muda wa kutosha. Diski ya TB 1 iliyojaa na isiyopangwa kwa miaka inaweza kukesha.

Hatua

1. Tambua aina ya diski. Fungua PowerShell, andika:

`Get-PhysicalDisk | Select FriendlyName, MediaType, HealthStatus`

Ikionyesha HDD (diski yenye sahani zinazozunguka), endelea na hatua ya 2. Ikionyesha SSD (diski ya chipu, isiyo na sahani), mwongozo wako unaishia karibu hapa. SSD haina kichwa cha kuhamahama, hivyo kuunganisha vipande hakuiongezei kasi ya maana, na kila uandishi unakula uhai wake. Inachohitaji ni TRIM, ujumbe wa kuieleza diski ni sehemu zipi zimefutwa. Kagua kwa amri hii:

`fsutil behavior query DisableDeleteNotify`

Jibu la 0 lina maana TRIM inafanya kazi, jina la amri limepinduka tu. Kisha endesha `defrag C: /L` na umemaliza.

Kuna hali ambapo Windows huichukulia SSD kama diski ya kuzunguka na kuipiga difragi kamili kila wiki. Ukiona hivyo, endesha `winsat formal` ili mfumo uipime upya, kisha fungua `dfrgui` (dirisha la difragi la Windows) uhakikishe aina imerekebishwa. Diski za nje za USB mara nyingi husomeka "Unspecified". Hapo tafuta namba ya modeli kwenye lebo yake.

Kwenye diski za kuzunguka pia kuna za SMR, ambazo njia zake za kuandikia zimepandana kama vigae vya paa. Kuandika upya sehemu moja hulazimu jirani zake nazo ziandikwe upya, kwa hiyo difragi ya kawaida hutambaa mno. Kama modeli yako ni ya SMR, fanya hatua ya 2 na ya 3, kisha ruka hadi hatua ya 8.

2. Pima afya ya diski. Usiruke hatua hii hata kama una haraka. Difragi husoma na kuandika kwa wingi kwa saa nyingi, na diski dhaifu huangukia hapo. Tumia programu ya CrystalDiskInfo au amri ya `smartctl -a` uangalie vipimo vitatu vya SMART (mfumo wa diski wa kujipima afya): namba 5 (sekta zilizobadilishwa), 197 (sekta zinazosubiri uamuzi) na 198 (sekta zisizosomeka). Namba 197 au 198 ikiwa juu ya sifuri, acha kabisa mpango wa difragi, nakili data, andaa diski mpya. Katika CrystalDiskInfo thamani ghafi huonyeshwa kwa mfumo wa heksadesimali mpaka ubadilishe mpangilio, kwa hiyo usishtuke ukiona herufi kati ya tarakimu.

Diski ikiwa nzima, kagua mfumo wa faili:

`fsutil dirty query D:`
`chkdsk D: /scan`

Makosa yakipatikana, endesha `chkdsk D: /f`. Kwa diski C: utaulizwa kama ifanyike kompyuta ikiwashwa upya, kubali. Usiongeze `/r` kwa mazoea tu. Hiyo husoma kila sekta na kwenye diski kubwa inachukua saa nyingi bila sababu.

3. Chukua vipimo kabla ya kugusa kitu.

`defrag D: /A /V`

Amri hii inapima tu, haihamishi chochote. Nakili ripoti nzima uihifadhi, maana bila namba za mwanzo hutajua kama kazi yako imesaidia. Mistari mitatu ndiyo ya kutazama:

"Average fragments per file" ni wastani wa vipande kwa faili. Ukiwa 1.01 au 1.05, vipande si tatizo lako. Uzito wa kompyuta unatoka kwingine, na hatua zinazofuata hazitakusaidia.

"Largest free space size" ni ukubwa wa pengo kubwa kuliko yote lililo tupu. Huu ndio mstari unaopuuzwa zaidi na ndio wenye majibu mengi. Ukiwa na GB 80 tupu lakini pengo kubwa ni MB 300, faili ya GB 4 haina pa kuwekwa ikiwa nzima. Difragi itaihamisha kutoka vipande hadi vipande, itamaliza, na asilimia itabaki palepale.

"Unmovable files and folders" ni idadi ya vitu ambavyo difragi haiwezi kuvigusa. Chache ni kawaida.

Kama una wasiwasi na faili moja tu, kwa mfano hifadhidata au diski ya kompyuta pepe, programu ndogo ya Contig kutoka Sysinternals itakuambia idadi ya vipande vyake: `contig -a D:\data\kubwa.vhdx`. Ukiondoa `-a`, itajaribu kuiunganisha faili hiyo pekee. Mara nyingi hilo hutosha kabisa na kuokoa usiku mzima.

4. Ongeza nafasi tupu. Difragi ya Windows inahitaji angalau asilimia 15 ya diski iwe tupu ili ifanye kazi yake kikamilifu. Kwa diski ya GB 500, hiyo ni GB 75. Chini ya hapo huhamisha kinachowezekana na kuacha kingine.

Safisha kwa `cleanmgr`, toa matoleo ya zamani ya Windows, mwaga pipa la taka. Kwenye matoleo fulani ya Windows 10, `cleanmgr` huorodhesha pia folda ya Downloads, basi soma kila kisanduku kabla ya kukubali. Kisha hamishia diski ya nje faili chache kubwa kuliko zote: video, picha za ISO, diski za kompyuta pepe. Kuhamisha faili kumi kubwa kunafungua mapengo makubwa. Kufuta maelfu ya faili ndogo kunafungua matobo tu.

Kosa la kawaida hapa ni kufanya usafi baada ya difragi. Ukifuta baada ya kupanga, unatoboa upya ulichopanga.

5. Ondoa faili zisizohamishika. Tatu ndizo husumbua kwenye diski C:.

Ya kwanza ni hiberfil.sys, faili ya usingizi mzito wa kompyuta, ambayo hula sehemu kubwa kulingana na RAM. Iondoe kwa `powercfg /h off`. Ukimaliza kazi yote, irudishe kwa `powercfg /h on`.

Ya pili ni pagefile.sys, kumbukumbu ya ziada ya RAM. Andika `sysdm.cpl`, ingia Advanced, kisha Settings ya Performance, kisha Advanced tena, kisha Change. Ihamishie diski nyingine, au ukikosa chagua "No paging file", bonyeza Set, washa kompyuta upya. Kompyuta yenye RAM ndogo itasumbuka bila faili hii, kwa hiyo usifungue programu nzito hadi uirudishe. Wakati wa kuirudisha weka ukubwa wa kuanzia na wa juu uwe sawa, ili isiwe inakua na kukatika tena.

Ya tatu ni hifadhi ya pointi za kurejesha mfumo, iliyo ndani ya System Volume Information. Angalia ukubwa wake kwa `vssadmin list shadowstorage`, kisha upunguze:

`vssadmin resize shadowstorage /for=C: /on=C: /maxsize=5GB`

Jua kwamba kupunguza hufuta pointi za zamani, na hazirudi.

6. Fungua faili zilizobanwa na NTFS. Ubanaji wa NTFS hugawa faili katika sehemu za klasta 16 (klasta ni kipimo kidogo kabisa cha nafasi ambacho diski humpa faili), yaani KB 64 kwa klasta za kawaida za KB 4, na kila sehemu hubanwa peke yake. Faili inayoandikwa mara kwa mara huku imebanwa husagika kuliko nyingine zote. Folda za data zinazobadilika kila siku, kama hifadhidata, barua pepe na kumbukumbu za matukio, hazifai kubanwa. Zifungue:

`compact /u /s:"D:\Kazi" /i`

Faili zitavimba, kwa hiyo hakikisha nafasi ya hatua ya 4 inatosha. Folda ya Windows iache kama ilivyo.

7. Endesha difragi yenyewe. Washa kompyuta upya. Simamisha programu za kushusha torenti, za kusawazisha faili na wingu, na za hifadhidata. Kisha, moja baada ya nyingine:

`defrag D: /D /U /V /H`
`defrag D: /X /U /V /H`
`defrag D: /D /U /V /H`

Ya kwanza inaunganisha vipande, ya pili inakusanya nafasi tupu pamoja, ya tatu inatumia mapengo mapya kumalizia faili zilizoshindikana awali. Mpangilio huu wa tatu ndio unaofanya tofauti, na watu wengi huishia kwenye ya kwanza. `/H` huipa kazi kipaumbele cha kawaida badala ya cha chini. Itoe kama unaendelea kutumia kompyuta.

Usitumie `/M` (kuendesha diski kadhaa kwa wakati mmoja) kwa D: na E: zilizo ndani ya diski moja. Kichwa kitakimbizana kati ya sehemu hizo mbili na zote zitachelewa. Na usirudie difragi mara tano ukitarajia muujiza. Ikiwa mzunguko wa tatu haujaleta kitu, kizuizi bado kipo.

Rudia `defrag D: /A /V` ulinganishe na ripoti ya mwanzo. Ukiridhika, rudisha faili kubwa ulizohamisha, moja moja. Kunakili mbili kwa wakati mmoja huzichanganya vipande.

8. Njia ya mwisho, kwa diski ya data tu: toa, fomati, rudisha. Kwa diski iliyosagika vibaya au ya SMR, hii huwa ya haraka kuliko difragi, na matokeo yake ni safi zaidi. Usiifanye kwa C:. Diski ya kupokea (hapa F:) iwe na NTFS. Nakili kwa robocopy, programu ya kunakili iliyomo ndani ya Windows, ukiiendesha katika Command Prompt:

`robocopy D:\ F:\nakala /E /COPY:DAT /DCOPY:DAT /XJ /R:1 /W:1 /XD "System Volume Information" "$RECYCLE.BIN" /LOG:F:\ripoti.txt`

Folda ya nakala ikionekana imepotea, imefichwa tu kwa sababu imerithi sifa za mzizi wa diski. Andika `attrib -h -s F:\nakala`. Kama ruhusa za faili ni muhimu, tumia `/COPYALL` badala ya `/COPY:DAT`. Usitumie `/MIR` kama hujaizoea, kwani hufuta upande wa kupokea chochote kisichokuwepo upande wa kutoa.

Soma ripoti.txt. Safu ya "FAILED" iwe sifuri kwa faili na folda. Fungua faili kadhaa za aina tofauti kwenye nakala. Ndipo ufomati:

`format D: /FS:NTFS /Q`

Diski ya video na faili kubwa tu inaweza kuongezewa `/A:64K`, ingawa klasta za ukubwa huo haziruhusu ubanaji. Rudisha data kwa robocopy ileile, ukigeuza njia na kuelekeza ripoti kwenye faili jingine. Usitumie swichi ya `/MT`: kunakili kwa nyuzi nyingi huandika faili kadhaa kwa pamoja, na hapo vipande vinaanza upya.

9. Zuia visirudi. Katika programu ya torenti washa kipengele cha kutenga nafasi yote ya faili kabla ya kushusha. Kompyuta pepe ipe diski ya ukubwa maalumu badala ya inayokua. Hifadhidata inayokua kwa MB 1 kila mara iwekee hatua kubwa, kwa mfano MB 256. Kisha hakikisha ratiba ya Windows haijazimwa:

`schtasks /query /tn "\Microsoft\Windows\Defrag\ScheduledDefrag"`

Kama unatumia Linux

Ext4, mfumo wa faili unaotumika sana kwenye Linux, huchelewesha kutenga nafasi hadi iijue faili ilivyo kubwa, kwa hiyo haisagiki kirahisi. Pima kwanza: `e4defrag -c /njia`. Alama ya 0 hadi 30 ni nzuri, 31 hadi 55 ni wastani, 56 na kuendelea ndiyo inayohitaji `e4defrag /njia`. Kwa faili moja tumia `filefrag -v`. Mfumo wa faili wa XFS una `xfs_fsr`.

Kwenye mfumo wa faili wa Btrfs kuwa mwangalifu mno. `btrfs filesystem defragment -r` huvunja uhusiano kati ya faili na picha zake za snapshot (nakala za hali ya faili wakati fulani), na data iliyokuwa ikishirikiwa huandikwa mara mbili. Diski iliyobakiwa na nafasi kidogo inaweza kujaa katikati ya kazi. Futa snapshot usizozihitaji kwanza, au lenga folda moja tu.

Ikikataa

*Asilimia haisogei.* Fungua `resmon`, kichupo cha Disk, utazame kama defrag.exe inasoma na kuandika. Ikiwa inafanya kazi, iko kwenye faili kubwa, iache. Pia asilimia huanza upya kila duru, hiyo si hitilafu. Ikiwa hakuna shughuli na diski inatoa mlio wa kugonga, izime na urudi hatua ya 2.

*Haianzi kabisa.* Ama diski ina alama ya uchafu ("dirty", yaani mfumo wa faili unahitaji kukaguliwa), na dawa ni `chkdsk /f`, ama difragi nyingine inaendelea kwenye diski hiyohiyo. Kuwasha upya humaliza la pili.

*Ripoti ni asilimia 0 lakini diski iko 100% kwenye Task Manager.* Hilo si suala la vipande. Panga orodha kwa safu ya Disk uone programu gani inasoma. RAM ndogo huleta dalili hiyohiyo, kwa sababu mfumo unaishi ndani ya pagefile.sys.

*Vipande vimerudi baada ya siku chache.* Kuna programu inayoandika kidogokidogo bila kukoma. Itafute kwa `contig -a -s D:\*.*`, kisha rudi hatua ya 9.

*Pointi za kurejesha zimetoweka baada ya difragi.* Mfumo wa nakala vivuli, unaotunza pointi hizo, hufuatilia diski kwa matofali ya KB 16. Klasta zikiwa ndogo kuliko hapo, uhamishaji huweza kuonekana kama mabadiliko ya data, hifadhi hujaa na za zamani hufutwa. Diski ya data inayotegemea nakala hizo ifomatiwe kwa klasta za KB 16 au zaidi.

*Kosa 665 kwenye faili kubwa sana.* Faili imesagika hadi orodha ya vipande vyake haina tena pa kuandikwa. Inakili kwenda diski nyingine, fomati diski ya awali ukiongeza `/L`, kisha irudishe.

*Unataka kupunguza ukubwa wa diski na Windows inagoma ingawa kuna nafasi.* Jaribu kupunguza tena, kisha fungua Event Viewer, Windows Logs, Application, utafute tukio namba 259. Litakutajia kwa jina faili ya mwisho isiyohamishika, na kwa kawaida ni mojawapo ya zile tatu za hatua ya 5.